Kishikwambi cha laki mbili na kumi, Newala: kinafaa kazi gani?

Mkulima wa korosho wilayani Newala, kaka yake mama yangu, alilipwa fedha za mnada wa mwisho, akashuka Mtwara mjini na kununua kishikwambi kwa shilingi 210,000. Hakujinunulia yeye. Alimnunulia mpwa wake, mdogo wangu, anayesoma kidato cha tatu shule ya kutwa, kwa sababu huku kwetu shule ya mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba, baba awepo asiwepo. Muuzaji alikubali, na kuandika nyuma ya risiti, kwamba kifaa kikiwa na kasoro kitarudishwa ndani ya siku saba. Siku hizo zikiwa zinakaribia kuisha, mjomba alinifuata mjini na boksi kwapani, amekunja uso.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu niangalizie hiki kitu. Mwalimu jirani ana kile cha Sensa, akigusa tu kinafunguka. Changu nikikigusa kinafikiri kwanza. Nimepigwa?"

Vishikwambi vya Sensa ni vile vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Vimeenea vijijini kiasi kwamba watu wengi wa huku, wakisikia kishikwambi, picha inayowajia ni ile. Kwa hiyo mjomba alikuja na kipimo tayari kichwani, na kwa kipimo hicho chake kilikuwa kimeshaanguka kabla sijakiwasha.

Nilimwambia anipe usiku mmoja, kwa sababu hapo palikuwa na maswali mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. La kwanza: kilichomo ndani ya kifaa ndicho kilichoandikwa juu ya boksi? La pili: hata kama ndicho, kitafanya kazi atakayokifanyia mtoto? Mtu anaweza kuuziwa kitu halali kabisa kisichomfaa. Na anaweza, ingawa hutokea mara chache, kuuziwa kitu chenye maneno ya uongo kikamfaa hivyohivyo.

Boksi na kilichomo

Juu ya boksi, chini ya picha ya watoto wa Kizungu wanaocheka, palikuwa na maandishi haya: RAM 6GB, uhifadhi 64GB, Android 13, inchi 10.1, betri 6000mAh. Pembeni, kwa wekundu, "5G".

Hiyo 5G ndiyo niliyoianza, maana ndiyo iliyomfanya mjomba atoe pesa bila kupunguziwa. Kifaa hakina redio ya mtandao wa kizazi cha tano. Kina Wi-Fi inayoweza kutumia masafa ya 5 GHz, na mchapishaji wa boksi amekata herufi mbili za mwisho. Kiufundi unaweza kumtetea, ingawa mimi simtetei. Mtu aliyeandika vile alijua mnunuzi atasoma nini.

RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi, nayo ina hesabu yake. Nilipofungua CPU-Z, programu ya bure inayosoma vipuri vya ndani, ilionyesha GB 2. Zile nne nyingine zinatokana na uhifadhi: mfumo unatenga kipande cha nafasi ya kuwekea mafaili, kisha unakitumia kama RAM ya ziada pale RAM halisi inapojaa. Simu nyingi za bei nafuu siku hizi zinafanya hivi na boksi zake huandika wazi "2+4". Hili liliandika jumla peke yake. Uhifadhi wa vifaa hivi ni wa aina ya eMMC, ambao kasi yake haifiki hata robo ya kasi ya RAM, kwa hiyo GB nne za kuazima hazigeuki kuwa GB nne za kweli. Zinachofanya ni kuzuia programu isifungwe kabisa. Ukiirudia bado unasubiri, na kila mara uhifadhi unaandikwa na kufutwa, jambo linalopunguza maisha yake. Niliizima hiyo RAM ya kuazima nikakitumia, nikaiwasha nikakitumia tena. Tofauti ilikuwa ndogo mno, nikaiacha imezimwa.

Hapo ndipo penye jibu la "kinafikiri kwanza". Android 13 ya vifaa vidogo, ile inayoitwa Go, Google imeiwekea RAM ya GB 2 kama kiwango cha chini kabisa. Maana yake kifaa cha mjomba kimesimama kizingitini. Mfumo wenyewe ukishakaa, kinachobaki kinatosha programu moja ya kawaida, mbili kwa shida. Ukifungua kitabu, ukatoka kwenda WhatsApp, ukapitia Chrome kutafuta kitu, kisha ukarudi kitabuni, utakuta kitabu kinafunguliwa upya.

Uhifadhi ulikuwa wa kweli. GB 64 za kiwandani huonekana kama 59 na kitu kwa hesabu ya kompyuta, na mfumo ukishachukua chake zilibaki zaidi ya 45. Sikuamini namba ya kwenye mipangilio peke yake, kwa sababu kuna vifaa vilivyopakwa rangi vinavyoonyesha 128 wakati ndani mna 16. Dawa ni kunakili mafaili makubwa mpaka karibu kijae, kisha kuyafungua ya mwisho. Yalifunguka.

Toleo la Android nalo huchezewa. Vishikwambi vya bei ya chini kabisa wakati mwingine huandika "Android 13" kwenye ukurasa wa maelezo huku ndani mna Android 10. Mahali pasipochezewa kirahisi ni namba ya API, namba ya ndani ya kila toleo la Android: Android 10 ni 29, 11 ni 30, 12 ni 31, 13 ni 33. CPU-Z ilitoa 33. Sawa. Lakini tarehe ya masasisho ya usalama ilikuwa ya 2023, na nilipobonyeza kutafuta sasisho jipya, kikajibu kwamba kimeshasasishwa. Haitakuja nyingine. Kampuni inayouza kwa bei hii hailipi watu wa kuandika masasisho.

Kuna ukaguzi mmoja ambao ningeomba kila mnunuzi aufanye palepale dukani, kabla ya kufungua pochi. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu, uangalie mstari wa uthibitisho wa Play Protect, ulinzi wa Google wenyewe. Kama kifaa hakijathibitishwa, kirudishe mezani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa kwenye vifaa vya Android vya bei rahisi, vingine vikiwa nayo tangu kiwandani. Kifaa cha namna hiyo kinatumiwa na watu wengine kupitishia shughuli zao kwenye intaneti yako, na bando linalipwa na wewe. Cha mjomba kilikuwa kimethibitishwa.

IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, niliilinganisha: ya boksini, ya nyuma ya kifaa, na ya kwenye mipangilio. Zilifanana. Mjomba akaituma kwenda 15090 kutoka simu yake, utaratibu tuliouzoea tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Juni 2016, akapata jibu lenye jina la kifaa.

Kwa hiyo swali la kwanza lilijibika hivi: mjomba hakuuziwa kitu bandia. Aliuziwa kitu dhaifu kwa maneno yaliyonenepeshwa. Muuzaji akisimama mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, ataonyesha boksi na kifaa, na ugomvi utabaki kwenye RAM, ile 5G, na betri nitakayoifikia.

Kioo

Mtu yeyote anayejua vifaa angeishia hapo na kusema kirudi. Hata mimi mkono ulikuwa umeshaelekea huko. Duka la jirani lilikuwa na Samsung Galaxy Tab A7 Lite iliyotumika, ya 2021, yenye RAM GB 3 za kweli, na kwa kuongeza kiasi mjomba angeipata. Ni kifaa cha kampuni inayojulikana, kilichopata masasisho hadi Android 14, na ukikishika unahisi uzito wa kitu kilichotengenezwa na watu walio makini. Kwa karibu kila kipimo ni bora kuliko cha mjomba.

Kilichonirudisha nyuma ni kumuuliza mtoto mwenyewe, kwa simu, atakifanyia nini. Akataja vitu viwili bila kusita: vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mitihani ya nyuma ya NECTA, Baraza la Mitihani. Vyote ni PDF. Shuleni kwao kitabu kimoja cha kiada kinashikwa na wanafunzi kadhaa, na wanaokaa mbali na shule hawapati zamu ya kwenda nacho nyumbani. Hadi sasa amekuwa akisoma mitihani kwenye simu ya mama, akikuza ukurasa kwa vidole viwili na kuusukuma huku na huku, mstari mmoja mmoja.

Basi nikachukua rula. Karatasi ya mtihani ni A4, upana wake milimita 210. Kioo cha inchi 10.1 chenye umbo la 16 kwa 10, kikisimamishwa, kina upana wa milimita 136. Ukurasa mzima unaingia kwa asilimia 65 ya ukubwa wake, na herufi ya pointi 12 inaonekana kama ya pointi 8 kasoro kidogo. Hiyo inasomeka bila kukuza, kama maandishi madogo ya gazeti. Ile Samsung ya inchi 8.7 upana wake ni milimita 113 hivi: herufi ileile inashuka hadi pointi 6 na nusu, ukubwa wa maandishi ya kwenye pakiti ya dawa. Kishikwambi cha inchi 7 kinabaki na pointi 5. Simu ya inchi 6.5, kama ya mama, inafikia pointi 4.

Watu hudharau azimio, yaani idadi ya nukta za picha, la 1280 kwa 800 kwenye kioo kikubwa hivi, na ni kweli picha haina ukali wa simu; ni nukta 149 kwa inchi, wakati simu za kawaida zinapita 250. Lakini kwa herufi ya pointi 8 zinapatikana nukta 16 za kimo. Herufi ina umbo, a haifanani na e. Michoro ya Baiolojia ilikaa vizuri. Mahali palipoleta shida ni vipeo vidogo vya hesabu, ile namba ndogo juu ya x, ambavyo kwenye karatasi za zamani zilizopigwa skani vilififia. Hapo unakuza mara moja, unasoma, unarudi.

Na RAM? Mtu anayesoma PDF anafungua faili moja na kukaa nalo saa nzima. Ule udhaifu wa kurukaruka kati ya programu haumgusi sana. Nilifungua kitabu kizito kilichojaa picha: ukurasa mpya ulichukua kitambo kuchorwa, kisha ukatulia. Kisomaji cha PDF kilichokuja na kifaa kilikuwa kibaya, kikisahau ukurasa kila kinapofungwa. Nilikiondoa nikaweka kingine chepesi kinachokumbuka ukurasa wa mwisho, na nusu ya malalamiko ya mjomba ikaisha hapo hapo. Sikushangaa. Mara nyingi lawama inayopelekwa kwa kifaa inastahili programu moja tu.

Kasoro kubwa ya kioo iko nje ya nyumba. Vioo vya daraja hili vina mwangaza wa niti 250 hadi 300, na kati ya kioo cha kugusa na kile cha picha pana uwazi wa hewa unaorudisha mwanga. Uani saa sita mchana unajiona uso wako. Chini ya mkorosho, kwenye kivuli kizito, unasoma ukipandisha mwanga hadi mwisho, na betri inalipia. Ndani ya nyumba, au kibarazani jioni, hakuna tatizo.

Betri, haraka haraka

Nilipima umeme unaoingia kwa kile kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Betri ya mAh 6000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 22, na pamoja na upotevu wa njiani ingepaswa kunywa kama 25. Ilikunywa 19. Ukirudisha hesabu unapata betri ya karibu mAh 4500. Boksi limeongeza theluthi.

Kwa kusoma na mwanga wa wastani inaenda saa tano na zaidi. Kwa mtoto anayesoma jioni inatosha hadi kesho yake, hata umeme ukikatika. Chaja iliyokuja nacho ndiyo balaa: imeandikwa ampea 2 na inatoa 1 na kidogo, hivyo kujaza kunakula saa tano. Hii nilimwambia mjomba airudishe dukani bila maelezo marefu, kwani chaja inayodanganya hivi si ya kulala ikiwa ukutani.

Laini isiyopiga *150*

Mjomba alikuwa na mpango wa pembeni ambao hakuutaja mwanzoni. Alitaka aweke laini yake humo, awe anaona ujumbe wa benki wakati wa msimu, afuatilie bei za minada kwenye kundi la WhatsApp la chama chao cha msingi, na simu yake ndogo ampe shangazi. Minada ya korosho siku hizi inaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na picha ya bei huzunguka kwenye makundi muda mfupi baada ya mnada kufungwa. Anayechelewa kuiona anauliza barabarani, na barabarani kila mtu ana bei yake.

Mpango huo ulikwama kwa sababu ambayo wauzaji hawaisemi na wanunuzi hawaiulizi. Kifaa kina tundu la laini, kinapokea ujumbe mfupi na intaneti, lakini hakina programu ya kupiga simu. Bila hiyo huwezi kuandika *150*66# ya NMB, wala *150*00# ya M-Pesa, wala *150*60# ya Airtel Money. Hata *#06# haipigiki. Ndiyo maana IMEI niliisoma kwenye mipangilio. Njia inayobaki kwa mambo ya fedha ni programu za benki na za mitandao, na hapo ndipo ile tarehe ya usalama ya 2023 inapokuwa na uzito. Kifaa ambacho hakitazibwa tundu tena, kinachoshikwa na mtoto na marafiki zake, kinachowekewa michezo kutoka popote, si mahali pa kuweka namba ya siri ya akaunti inayoingia fedha za korosho za mwaka mzima. Nililisema hili kwa sauti ya kawaida tu, lakini sikuliachia nafasi ya mjadala.

WhatsApp ilipata suluhisho rahisi. Ilibaki kwenye simu ya mjomba, na kishikwambi kikaunganishwa kama kifaa cha pili. Kinaonyesha ujumbe wote kwa herufi kubwa, hata simu ikiwa mbali, ili mradi simu yenyewe isikae zaidi ya siku 14 bila kutumika.

Kisha kuna mtandao wenyewe. Mjini 4G ilishika vizuri. Mjomba alisema kijijini kwao kilionyesha 3G muda wote, wakati simu yake ikiwa mezani palepale ina 4G. Nilisoma karatasi ya maelezo nikaona bendi, yaani mafungu ya masafa ya 4G ambayo kifaa kinayakamata: 1, 3, 5, 7 na 8. Hakuna 20 wala 28. Bendi 20 ni ya 800 MHz na 28 ni ya 700 MHz, masafa ya chini yanayosafiri mbali na kupenya kuta, yanayofaa kufikia vijiji vilivyotawanyika kama vya uwanda wa Makonde. Bendi 3 ya 1800 MHz hufanya kazi nzuri karibu na mnara. Ukisogea kilometa kadhaa na miti ikiingia kati, inakuacha. Kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya soko lingine na kikaletwa kwetu.

Kwa matumizi ya mtoto hili halina madhara makubwa. Vitabu vinapakuliwa mara moja mjini, vinakaa ndani. Akihitaji intaneti, simu ya mjomba inawashwa hotspoti.

Salfa

Jambo ambalo hakuna boksi litakaloliandika ni hili la miezi ya kupuliza. Mikorosho ikianza kuchanua, katikati ya mwaka, mashine zinawashwa mashambani na salfa ya unga inarushwa kupambana na ugonjwa wa ubwiri unga. Nyumba iliyo kando ya shamba inapakwa njano hadi kwenye vyombo. Salfa hushambulia shaba na fedha, hasa penye unyevu, na tundu la chaji lina vipande vidogo vya chuma cha namna hiyo vilivyo wazi. Mafundi simu wa huku wanajua: msimu wa kupuliza ukipita, zinafuata simu zinazokataa chaji.

Kishikwambi cha mjomba hakina kizuizi chochote, wala ile Samsung ya duka la jirani haina. Kizibo cha mpira cha tundu la USB-C kinauzwa kwa bei ya soda. Tulinunua viwili, kwa sababu kimoja kitapotea. Na ndani ya miezi hiyo kikae kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku, nje kitoke jioni mashine zikishanyamaza.

Kuhusu kuvunjika, nina maoni ambayo baadhi ya mafundi wenzangu hawayapendi. Ule uwazi wa hewa kwenye kioo, nilioulaumu juani, unakuwa rafiki kikianguka. Kioo cha kugusa kinapasuka peke yake na picha inabaki nzima, hivyo fundi anabadili cha juu tu. Kwenye vifaa vya bei kubwa viwili hivyo vimegandishwa pamoja na unanunua vyote. Shida ni kupata kipuri cha kifaa kisicho na jina. Fundi hatafuti kwa jina la kifaa, anatafuta kwa namba iliyochapwa kwenye ule utepe unaounganisha kioo na ubao. Nilifungua mfuniko wa nyuma kwa uangalifu, nikaipiga picha namba hiyo, nikaituma kwa mjomba na kwa mdogo wangu. Siku kikianguka, namba itaagizwa Kariakoo bila kifaa kusafirishwa.

Uamuzi

Nilimshauri abaki nacho, na nikamweleza sababu moja tu: upana wa ukurasa. Kama mtoto angekuwa anahitaji kifaa cha kuandikia, kurekodi video za masomo, kuhudhuria vipindi kwa kamera au kubadilishana programu tatu nne kwa wakati mmoja, ningempeleka mwenyewe kukirudisha kabla siku saba hazijaisha. Kamera yake haisomi hata ubao wa darasa kutoka dawati la pili. Spika ni moja, na ya kuudhi. Kwa kusoma karatasi za A4 usiku ndani ya nyumba, kwa shilingi 210,000, hakuna kipya cha inchi 10 nilichoweza kumwonyesha mjini kilicho bora kwa bei hiyo, na kilichotumika cha inchi 8.7 kingemrudisha mtoto kwenye kukuza na kusukuma.

Dukani tulirudi wote wawili. Muuzaji alibadili chaja bila ubishi baada ya kuonyeshwa kipimo. Juu ya RAM alisema kiwanda ndicho kilichoandika, akapunguza kwa kutupa kava na protekta. Mjomba alitaka arudishiwe elfu ishirini, hakuipata. Ile 5G aliitetea mpaka mwisho, akisema Wi-Fi nayo ni mtandao.

Kabla hajapanda gari la Newala tulikiandaa. Michezo iliyokuja nacho ilitolewa, Facebook ikatumika kupitia Chrome badala ya programu yake, vitabu vya masomo yote ya kidato cha tatu na mitihani ya miaka ya nyuma ikawekwa kwenye mafaili yenye majina ya masomo, na nakala nyingine kwenye memori kadi. Laini haikuwekwa kabisa. Shangazi hakupata simu.

Mwakani mdogo wangu wa pili anaingia kidato cha kwanza, na mjomba akaniuliza anunue kingine hikihiki. Nilimwandikia kwenye karatasi: inchi 10.1 au zaidi, RAM GB 4 kabla ya alama ya kujumlisha, bendi 20 na 28 ziwe zimetajwa kwenye maelezo, mstari wa Play Protect usomwe dukani. Bei itapanda. Kama haitoshi, nikamwambia, watoto wawili wanaweza kupokezana hiki kimoja, mmoja baada ya magharibi na mwingine alfajiri, na fedha zikanunue meza na taa.